Mafunzo ya Miezi Minne, Utalala Wapi?

 

Leo najibu barua moja kwa kirefu, kwa sababu najua yaliyomsibu aliyeiandika yanawasibu wengi. Imetoka Kibosho, juu ya mji wa Moshi. Jina lake nalihifadhi kama alivyoomba.

"Dada, shikamoo. Mimi ni binti wa Kibosho, kwetu ni juu kabisa, karibu na msitu wa mlima. Nimejiandikisha mafunzo ya mgambo ya miezi minne kwa sababu natafuta kazi ya ulinzi, na kila kampuni ninakopeleka maombi wananiuliza kama nimepitia mgambo au JKT. Uwanja uko Moshi mjini na tunatakiwa tuwe tumeshapanga mstari kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Kwetu saa hizo gari hakuna, na bodaboda ya gizani kila siku siiwezi, kwa pesa wala kwa usalama. Nina mtoto wa miaka mitatu, mama amekubali kubaki naye. Kuna chumba nimeonyeshwa, kodi yake ni ndogo lakini kiko mbali na uwanja, na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo. Shangazi yangu yuko Pasua, hapo hapo mjini, anasema niende nikae kwake, ila nyumba ni vyumba viwili na watu ni wengi. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, kwanza hongera. Binti mwenye mtoto anayeamua kuamka usiku wa manane akapige kwata ili apate kazi ya halali anastahili kusikilizwa, siyo kuchekwa. Nitakujibu swali lako lote, la chumba, la shangazi na la mtoto. Lakini nianze na jambo ninaloliamini, kwa sababu mengine yote yanatokana nalo: makazi nafuu ya mafunzo ni yale yatakayokufikisha siku ya kufunga mafunzo ukiwa mzima, umelala vya kutosha na huna deni la mtu, la pesa wala la fadhila. Kodi ndogo peke yake haikuhakikishii hayo.

Mafunzo yako yanalaza au hayalazi?

Wasomaji wengine wananiuliza swali hili hili la pa kulala wakati wao wanakwenda JKT au polisi. Kwao jibu ni fupi. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963 kama jeshi la kambi: kijana anatoka kwao, analala kambini, anakula kambini, analima na kufunzwa huko huko. Mafunzo ya mujibu wa sheria yalisimamishwa mwaka 1994 na kurudishwa 2013, na hadi leo mhitimu wa kidato cha sita aliyepangiwa Oljoro, Mafinga, Makutupora au Bulombora anapewa pa kulala. Shule ya Polisi Tanzania hapo Moshi, ambayo wengi bado tunaiita CCP, nayo ina mabweni yake.

Kwa hiyo mtu yeyote akikupigia simu akakwambia utume hela ya kushikia kitanda kambini, au ada ya hosteli ya makuruta, huyo ni tapeli. Usibishane naye, kata simu. Tangazo la JKT husema wazi vitu vya kubeba: bukta ya bluu iliyokolea inayofika magotini, fulana ya kijani, raba za michezo, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, nguo za baridi kwa waliopangiwa mikoa ya baridi, vyeti vyako, na nauli ya kwenda na kurudi. Kodi ya kitanda haimo.

Ninyi wa kambini pesa ya malazi mtaihitaji njiani tu. Aliyepangiwa Oljoro anatoka Moshi asubuhi na kufika Arusha mapema, hana haja ya gesti. Aliyepangiwa Maramba au Mgambo kule Tanga anaweza kuondoka alfajiri akafika siku hiyo hiyo. Lakini anayekwenda Kigoma, kambi za Kanembwa, Mtabila au Bulombora, ajipange na wenzake wasafiri kwa kundi, na atenge hela ya usiku mmoja wa gesti endapo gari litachelewa. Lengo ni kufika kambini jua likiwa bado linawaka. Kijana mwenye ulemavu unaoonekana asisahau kwamba JKT huwaelekeza walio kama yeye waripoti Ruvu, Mlandizi mkoani Pwani, kwa sababu ndiko kuliko na miundombinu ya kuwahudumia.

Mgambo ni habari nyingine, na ndiyo maana barua yako imenigusa. Mgambo wetu ulipata nguvu baada ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, wakati Guinea ilikuwa imetoka kuvamiwa na Idi Amin ameshika nchi jirani. Wazo lilikuwa wananchi wafunzwe ulinzi pale pale wanapoishi na kufanya kazi, mkulima arudi shambani kwake jioni na mfanyakazi arudi kiwandani. Miaka michache baadaye wanamgambo hao walikuwa vitani Kagera bega kwa bega na JWTZ. Mfumo uliojengwa hivyo haukuhitaji mabweni, kwa sababu kila mtu alidhaniwa kuwa na kwao karibu. Leo binti anatoka juu Kibosho kwenda kufundishwa mjini, na pengo hilo la mahali pa kulala analiziba mwenyewe.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, nenda kwa mtendaji wa kata au ofisi ya mshauri wa mgambo wa wilaya, uulize mambo manne. Je, kuna mafunzo yanayopangwa karibu na kwetu, ili nisihame kabisa? Kama hakuna, haya ya mjini yanaanza na kuisha lini hasa? Ni siku zipi za wiki, na tunaachiwa saa ngapi? Na je, kuna wiki za kulala porini au za kulenga shabaha, ambazo chumba nitakilipia bila kukilalia? Majibu hayo yaandike kwenye daftari. Unaweza kugundua kwamba miezi minne ya mafunzo ni miezi mitatu na nusu ya kuhitaji kitanda, na nusu mwezi huo ni pesa yako.

Piga hesabu ya mwezi mzima

Sasa chumba ulichoonyeshwa. Umesema kodi ni ndogo lakini kiko mbali. Chukua kalamu tuhesabu. Namba hizi ni za mfano, wewe utaweka za kwako.

Tuseme chumba cha mbali ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na nauli ya kwenda na kurudi ni 1,500 kwa siku. Kwa siku 22 za mafunzo, nauli peke yake ni 33,000. Chumba chako cha 25,000 sasa kinakugharimu 58,000. Tuseme kuna kingine cha 45,000, kidogo zaidi, lakini unatembea kwa miguu hadi uwanjani. Kwa miezi minne, kile cha "bei nafuu" kitakula 232,000, na hiki "cha ghali" 180,000. Tofauti ni 52,000, na bado hatujahesabu asubuhi utakazoamka umechelewa ukapanda bodaboda, wala usingizi wa saa nzima utakaoupoteza kila siku.

Usingizi uuweke kwenye hesabu, mdogo wangu. Kuruta anayelala saa nne kwa siku hawezi mchakamchaka, anasinzia kwenye darasa la sheria, na akiugua ananunua dawa. Wengine huacha mafunzo katikati wakidhani ni wavivu, kumbe wamechoka tu.

Njia nyingine ya kushusha gharama ni kushirikiana. Wiki ya kwanza uwanjani angalia wenzako wa kike wanaotoka mbali kama wewe. Mnaweza kuwa wawili kwenye chumba kimoja, mkagawana kodi, umeme na mkaa. Ila makubaliano yafanyike mapema na mbele ya mwenye nyumba: nani anaandikwa kwenye mkataba, nani akiondoka katikati itakuwaje, wageni wanaruhusiwa au hapana. Mimi nakushauri mkubaliane kwamba mgeni wa kiume haingii chumbani, wa kwako wala wa kwake. Mtaishi kwa amani.

Na chakula unacho, hutoki mikono mitupu. Kihamba, shamba la nyumbani kwenu, kina ndizi, maharage na majani. Mama anaweza kufunga mkungu na furushi la maharage, akamkabidhi konda wa gari la Kibosho mnayemfahamu, nawe ukavipokea stendi jioni. Kwa wiki unanunua mafuta, chumvi, mchele kidogo na nyama siku moja. Mama ntilie wa kila siku, mchana na jioni, anaweza kula pesa kuliko kodi yenyewe.

Kwa shangazi

Usiikatae nyumba ya shangazi haraka haraka. Kwa binti anayeanza kukaa mjini, jicho la mtu mzima anayekupenda ni ulinzi usionunulika. Pia kwa shangazi hakuna dalali, hakuna kodi ya miezi sita, na ukiugua usiku kuna wa kukupeleka hospitali. Ikiwa kutoka hapo Pasua unafika uwanjani kwa wakati, anza kwake.

Lakini wahenga walishasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Usisubiri upewe, lichukue mwenyewe. Siku ya kwanza kaa na shangazi, umwambie kwa heshima: "Shangazi, nashukuru kunipokea. Mafunzo ni ya miezi minne, naamka saa kumi usiku. Najua nyumba ni ndogo. Naomba tukubaliane nichangie nini." Kisha taja wewe mwenyewe: kiasi fulani kila mwezi cha umeme na maji, mkungu wa ndizi kutoka nyumbani kila wiki, na kazi zako za jioni. Ukimwachia yeye aseme ataona haya, atasema "kaa tu mwanangu", na baada ya mwezi mmoja manung'uniko yataanza chini chini.

Vitu vya kuamkia viandae jioni: nguo, viatu, chupa ya maji, vyote karibu na mlango. Watoto wa shangazi wana shule, baba mwenye nyumba ana kazi. Mtu anayewasha taa na kugonga sufuria saa kumi usiku kila siku huchosha hata ndugu wa damu.

Na ukiona hapakaliki, iwe ni kwa msongamano au kwa sababu kuna mwanaume mle ndani anayekutazama vibaya, ondoka. Hili la pili usilivumilie hata usiku mmoja kwa kuogopa kuvunja undugu. Mwambie mama yako, tafuta chumba.

Jinsi ya kukagua chumba

Watu wengi hukagua chumba saa saba mchana, jua kali, mlango wazi, dalali anasifia. Wewe kikague mara mbili, mara moja jioni na mara moja alfajiri.

Jioni, nenda umeme ukiwa umewaka. Ingia, funga mlango kwa ndani, kisha usukume kwa bega. Komeo likicheza, mwambie mwenye nyumba aweke lingine kabla hujalipa. Shika nondo za dirisha moja moja. Pitisha kiganja ukutani, chini, usawa wa godoro: kama ni ubichi, nguo zako zitaoza na kifua kitakusumbua masika ikifika. Uliza LUKU ni ya vyumba vingapi na mnachangiaje, kwa sababu ugomvi mwingi wa nyumba za kupanga huanzia kwenye umeme. Nenda chooni mwenyewe, ujifungie, uone kama mlango una komeo na kama kuna taa. Choo cha nje kisicho na taa, kwa binti anayeamka saa kumi usiku, ni hatari siyo usumbufu. Ongea na mpangaji mmoja wa kike, dalali akiwa hayupo, umuulize swali moja tu: "Dada, hapa mnaishije?" Kisha nyamaza, msikilize.

Alfajiri, rudi na ndugu au rafiki, mtembee kutoka pale hadi uwanjani saa ile ile utakayokuwa unapita. Angalia kuna taa au giza, kuna walinzi wa maduka, kuna vijana wanaokesha vijiweni, kuna mfereji au vichaka. Hesabu dakika. Kama wewe na mwenzako mmeogopa njiani, wewe peke yako hutapita kila siku.

Jambo jingine ambalo sisi wa milimani tunalisahau: chini kuna mbu kuliko kwetu. Mtu aliyekulia kwenye baridi ya Kibosho mwili wake haujazoea malaria kama wa aliyekulia tambarare. Chandarua kiwe cha kwanza kwenye orodha yako, kabla ya godoro. Vingine vya kubeba ni godoro jembamba, shuka mbili, blanketi moja, ndoo mbili, sufuria mbili, jiko, kufuli lako mwenyewe na tochi. Usinunue kitanda wala kabati, maana hivyo vitakusumbua siku ya kuondoka.

Kodi ya miezi sita

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Nchi yetu iliwahi kuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ikafutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei na muda wa kulipa ni maelewano kati yako na mwenye nyumba. Ndiyo maana utakutana na anayetaka miezi mitatu, anayetaka sita na anayetaka mwaka. Lakini maelewano maana yake na wewe una mdomo.

Usimtume dalali akuongelee. Dalali kwa kawaida huchukua ujira wa kodi ya mwezi mmoja, na ukilipa miezi mingi hana hasara. Nenda kwa mwenye nyumba mwenyewe, ikiwezekana na mtu mzima wa kwenu, na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji chenu inayosema wewe ni nani na uko kwenye mafunzo gani. Sema hivi:

"Shikamoo mama. Mimi ni binti wa Kibosho, niko kwenye mafunzo ya mgambo ya miezi minne. Sina mume wa kuja kukaa naye hapa, sipigi muziki, naondoka alfajiri narudi mchana. Miezi sita siwezi kwa sababu mafunzo yataisha kabla. Naomba nilipe miwili leo, na miwili tarehe tutakayoandikiana."

Wenye nyumba wengi, hasa kina mama wajane wanaoishi kwenye ua huo huo, wanapendelea mpangaji mtulivu wa miezi minne kuliko mlevi wa mwaka mzima. Akikataa kabisa, mshukuru, uende kwingine. Usikope miezi sita kwa ajili ya mafunzo ya miezi minne. Mikopo ya haraka ya kwenye simu ndiyo usiiguse kabisa. Riba yake itakukuta uwanjani.

Mkiafikiana, andikianeni hata kama ni karatasi moja ya daftari: majina yenu mawili, namba za simu, chumba kipo mtaa gani, kodi ni kiasi gani, kuanzia tarehe ipi hadi ipi, umeme na maji vinalipwaje, na ukitoka mapema au mwenye nyumba akikutaka utoke, kila mmoja atoe taarifa ya siku ngapi. Shahidi mmoja asaini, na akiwa mwenyekiti wa mtaa ni bora zaidi. Ukilipa kwa simu, ujumbe wa muamala uuhifadhi. Ukilipa taslimu, dai risiti ya mkono hapo hapo. Na kamwe usitoe pesa kwa mtu ambaye hajakufungulia mlango wa chumba ukaingia ndani. Picha za kwenye simu siyo chumba.

Kama una haja ya siku chache tu, labda wiki ya kwanza wakati bado unatafuta, ulizia nyumba za wageni za makanisa na hosteli. Moshi zipo, YMCA ikiwemo, na masista na mapadre wengi wana vyumba vya wageni ambavyo havitangazwi popote, unavijua kwa kuuliza parokiani. Kibosho yetu ina misheni tangu karne ya 19, na paroko wako anajua watu mjini. Mwombe akuandikie barua. Gesti bubu zisizo na kitabu cha wageni ziepuke, hata zikiwa nusu bei. Mahali ambapo jina lako halikuandikwa, ukipata matatizo hakuna wa kusema ulikuwepo.

Heshima yako haipangishwi

Sasa niseme nawe kama dada mkubwa, bila kuzunguka. Binti akiwa mbali na kwao, hana pesa, na amevaa sare ya kuruta, watatokea watu wa kumsaidia. Wengi ni wema wa kweli. Lakini yupo atakayekwambia chumba ni bure, "tutaelewana". Yupo mkufunzi atakayesema anaweza kukupunguzia adhabu au kukupa pa kulala karibu na uwanja ukimtembelea jioni. Msaada usiotajwa bei yake mwanzoni ukatae mwanzoni, kwa adabu na kwa sauti inayosikika.

Na ujue sheria iko upande wako. Mtu mwenye mamlaka anayedai ngono ili akupe haki au upendeleo anatenda kosa la rushwa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU wanapokea taarifa kwa namba 113, simu haikatwi hela. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, utaongea na askari aliyefunzwa kwa mambo hayo. Kwenye mafunzo ya mgambo, maofisa wa TAKUKURU wenyewe huja kufundisha. Siku hiyo shika kalamu, andika namba zao.

Hili nawaambia na vijana wa kiume. Kama mwenzenu wa kike ana shida ya pa kulala, mtafutieni dada zenu au mama zenu wampokee. Msigeuze shida yake kuwa nafasi yenu.

Mtoto uliyemwacha

Umeandika habari za mwanao kwa sentensi moja tu, lakini naamini ndiye anayekuamsha usiku. Mtoto wa miaka mitatu haelewi mgambo, ila anaelewa kwamba mama ameondoka na kwamba mama hurudi. Usimtoroke akiwa amelala. Muage macho yakiwa wazi, hata akilia. Mwambie siku ya kurudi kwa alama anayoijua yeye, kwa mfano siku ya kwenda kanisani, na ukishasema, rudi kweli.

Mama yako mwachie kadi ya kliniki, kiasi cha pesa ya dharura kisichoguswa kwa jambo lingine, na namba ya jirani mwenye simu inayopatikana. Hospitali ya Kibosho iko huko huko kwenu, mtoto akipata homa mama asisubiri uje, ampeleke. Mpe ruhusa hiyo kwa mdomo, kwa sababu bibi wengi husita kuamua jambo la mtoto wa mtu, hata kama mtu huyo ni binti yao.

Kisha weka nauli ya kupanda nyumbani kila mwisho wa wiki kwenye bajeti kama unavyoweka kodi. Hiyo siyo anasa. Utarudi mjini ukiwa umempakata mwanao, umekula mtori wa mama, umelala kwenye baridi uliyoizoea, na Jumatatu utasimama kwenye mstari ukiwa na nguvu.

Uamuzi wangu

Kwa hiyo, mdogo wangu, ningekuwa wewe ningefanya hivi. Chumba cha mbali cha miezi sita ningekiacha. Ningeanza kwa shangazi kwa wiki tatu za mwanzo, nikiwa nimechangia tangu siku ya kwanza. Katika wiki hizo ningetafuta mwenzangu wa kike uwanjani na chumba cha kutembea kwa miguu, nikakikagua jioni na alfajiri, nikalipa miezi miwili kwa maandishi. Mwisho wa wiki ningepanda Kibosho kumwona mwanangu.

Na ninyi wenzangu mliojenga, naomba mnisikie. Kibosho na Moshi yote zimejaa nyumba nzuri zinazokaa zimefungwa mwaka mzima, zikisubiri mwezi wa 12 wenyewe warudi kutoka Dar es Salaam na Arusha. Mlinzi yupo, maji yapo, chumba cha uani kiko tupu. Mkisikia kuna kijana wa kuaminika ambaye uwanja wake wa mafunzo uko karibu na nyumba yenu, wa mgambo au wa chuo chochote, ongeeni na mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, mwandikiane naye, mumpangishe kwa bei anayoiweza kwa miezi hiyo michache. Nyumba yenye mtu ndani haiharibiki haraka, na kijana huyo kesho ndiye atakayelinda mtaa wenu. Mwenye chumba cha namna hiyo asingoje Desemba, aseme na mwenyekiti wake wiki hii.